Kaunta Buku Haikusawazishwa

Dereva wetu aliiweka simu yake juu ya meza, akaisukuma polepole hadi ikagusana na kaunta buku ya shangazi yangu, kisha akarudi nyuma hatua moja na kufumbata mikono kifuani.

"Kijana wangu," akaniambia, "hebu soma hapo mwenyewe. Kanisa la Nyamasaria tunawapelekea viti saa ngapi kila Jumapili?"

"Saa moja asubuhi, Mzee."

"Simu hii tangu mwanzo ilikuwa ikisema saa tatu. Nilinyamaza, kwa sababu njia ya kanisa naijua hata usingizini. Jana ikasema saa nne. Ni nani aliyeigusa?"

Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Niliifungua kompyuta mbele yake. Kompyuta ikasema saa moja. Shangazi akafunua kaunta buku, akafuata mstari kwa ncha ya kalamu, nayo ikasema saa moja. Simu peke yake ndiyo iliyosema saa nne, na simu hiyo ilikuwa ikisoma kalenda ile ile niliyoiandika mimi mwenyewe kwenye kompyuta ile ile. Nilitaka kucheka, lakini nikakumbuka kwamba mara mbili katika miezi miwili nilikuwa nimemkata mzee huyu shilingi 500 kwa kosa la kuchelewa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jambo hilo limenikaa kichwani wiki nyingi, na ninaliandika sasa kwa kuwa nimechoka kulieleza mdomoni.

Uwanja usio sawa

Shangazi amekodisha hema na viti hapa Kisumu kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa na akili ya kuhesabu pesa. Maagizo yote yalikuwa katika kaunta buku, na namba zote zilikuwa katika simu yake, nyingine zikiwa bado zimehifadhiwa kwenye kadi ya simu yenyewe kwa majina mafupi, kwa sababu kadi haikubali jina refu. Mimi ndiye niliyeleta kompyuta. Mimi ndiye niliyefungua akaunti moja ya Google kwa ajili ya biashara, nikaiunganisha na Thunderbird, programu ya barua pepe, kalenda na namba kwenye kompyuta, kisha nikaiweka akaunti hiyo hiyo, kwa neno la siri lile lile, katika simu ya shangazi, simu ya dereva, simu yangu na simu ya kijana anayepakia viti.

Nilijivuna sana. Agizo likiingia kwenye kompyuta, dakika chache baadaye liko mfukoni mwa dereva akiwa Ahero. Namba ikiandikwa na shangazi akiwa sokoni Kibuye, mimi naiona nikiwa mezani.

Katika simu zetu jambo hili huitwa kusawazisha, na mwanzoni neno hilo lilinipendeza. Mpirani hapa kwetu, kusawazisha ni habari njema, hasa dakika zikiwa zimebaki chache na Gor Mahia wako nyuma kwa bao moja. Kazini kwetu, hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine ambayo ningepaswa kuikumbuka kabla ya kubonyeza kitu chochote. Kabla ya kusimamisha hema tunasawazisha uwanja: palipoinuka hukatwa, palipobonyea hujazwa. Mwenye boma akitoka nyumbani jioni haoni tena kichuguu alichokizoea tangu utoto, na hakuna anayemuuliza kama alikitaka.

Mashine nayo husawazisha hivyo hivyo.

Nilichofuta

Wiki ya kwanza majina yalizaliana. Mtu mmoja alionekana mara mbili, mwingine mara tatu: mara moja kwa namba inayoanza na 07, mara nyingine kwa namba hiyo hiyo ikianza na +254, na mara ya tatu kutoka kwenye kadi ya simu. Sikuelewa wakati huo kwamba kila jina huhifadhiwa kama kadi yenye alama yake ya pekee, na kwamba seva, yaani kompyuta ya Google inayotunza orodha yetu huko mbali, haitazami sura ya mtu wala namba yake, bali alama hiyo. Kadi tatu zilizozaliwa mahali patatu zina alama tatu, kwa hiyo kwa seva hao ni watu watatu.

Nikakaa jioni moja na kikombe cha chai, nikaanza kusafisha.

Google ilinipendekezea kadi za kuunganisha, nami nikakubali karibu zote. Kisha nikaendelea kwa mkono. Nilikuta majina ambayo niliyaona kuwa ya ovyo kwa biashara inayotaka kuheshimiwa. Palikuwa na "Usimkopeshe Kondele". Palikuwa na "Mama Viti Luanda", ambaye kompyuta ilimpanga chini ya herufi L kwa kudhani kwamba Luanda ni jina la ukoo wake. (Nakiri kwamba kosa hili lilikuwa na faida yake: kwa kuwa shangazi huandika mji mwishoni mwa jina, wateja wote wa Luanda walijikuta wamekaa pamoja, na wa Maseno vilevile, mpangilio ambao mimi nisingeufikiria.) Palikuwa pia na "Aliyelia Ahero", isiyo na maelezo mengine yoyote.

Nikaifuta. Nikafuta na nyingine nyingi za aina hiyo.

Nilidhani nilikuwa ninafuta kwenye kompyuta.

Laiti ningalijua wakati huo jinsi vifaa hivi vinavyozungumza, nisingalifanya hivyo. Kompyuta haibebi orodha nzima kila inapoizuru seva. Huuliza tu, kwa lugha yake, ni nini kilichobadilika tangu walipoachana mara ya mwisho, na seva humjibu kila anayeuliza kwa kutaja kadi zilizoongezwa, zilizohaririwa na zilizoondolewa. Kufuta nako ni habari, na husafiri kwa kasi ile ile ya kuongeza. Simu ya shangazi ilipouliza usiku ule kuna nini kipya, iliambiwa kwamba watu kadhaa hawapo tena, nayo ikatii bila kumwamsha mwenyewe.

Shangazi hakugundua mara moja, kwa sababu hakuna mtu anayepitia orodha ya namba zake ili kuona nani hayupo. Aligundua siku alipopigiwa na namba isiyo na jina. Akaipokea kwa sauti yake ya biashara, ile ya haraka na ya juu, akaanza kuuliza hema ngapi na viti vingapi kabla hata hajasikiliza. Upande wa pili palikuwa na kimya, kisha mtu akajitambulisha.

Alipokata simu alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, yule mama wa Ahero umempeleka wapi?"

Ndipo nilipojua kwamba "Aliyelia Ahero" hakuwa ovyo. Ni mjane ambaye alipopiga simu mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, alishindwa kumaliza kuagiza viti kwa kulia, na shangazi akamwandika hivyo ili kila anapompigia, hata kwa jambo dogo, yeye ajue kushusha sauti kabla ya kusema habari. Jina lile halikuwa la mteja. Lilikuwa agizo ambalo shangazi alijiandikia yeye mwenyewe.

Na zile kadi mbili zenye namba moja, "Fundi Hema" na "Mama Fundi Hema", ambazo Google ilizitambua kuwa nakala nami nikaziunganisha kwa furaha? Ni mume na mke wanaotumia simu moja. Mchana simu iko kwa fundi, jioni iko kwa mkewe, na shangazi huchagua kadi kulingana na saa anayopiga ili akumbuke atakayemsalimu. Kwa kanuni yoyote ya mashine hiyo ni nakala, na sidhani mashine ilikosea. Aliyekosea ni mtu aliyeulizwa "unganisha?" akajibu ndiyo kwa niaba ya mwenye simu.

Bahati yetu ni kwamba huduma ile ya Google hukuruhusu kuirudisha orodha yote katika hali iliyokuwa nayo siku fulani iliyopita, mradi siku 30 hazijapita. Nilihesabu kwa vidole: tulikuwa siku ya 24. Lakini kurudi nyuma nako kuna bei yake, kwa kuwa orodha inaporudi ilivyokuwa, namba mpya zilizoongezwa baada ya siku ile huondoka. Nilizitoa kwanza zile mpya katika faili, nikairudisha orodha ya zamani pamoja na takataka zake zote zinazorudiwarudiwa, kisha nikaziingiza mpya tena. Namba zetu zimejaa nakala hadi leo. Sijagusa hata moja.

Saa mbili kwa namna mbili

Nirudi kwa dereva.

Jumamosi moja ya Septemba tulikuwa na mazishi ng'ambo ya Ahero. Agizo lilikuwa hema mbili na viti 200, vifike saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa ibada ilikuwa ianze saa tatu na hema kubwa halisimami kwa dakika kumi. Kanta ilifika saa mbili. Kiswahili kinaruhusu sentensi hii, nami niliisema kwa hasira siku hiyo bila kuusikia utani wake: alichelewa saa mbili akafika saa mbili. Wazee walikuwa wamekaa juani, na mwenye msiba alimpigia shangazi maneno ambayo sitayarudia.

Dereva alijitetea kwa sentensi moja tu. "Simu imesema saa mbili."

Nikaifungua kompyuta. Kompyuta ilisema 6:00. Kwa hiyo, kwangu mimi, mzee alikuwa anadanganya, au nikimhurumia sana, alikuwa amechanganya saa za Kiswahili na za Kiingereza. Nilimwambia hivyo, kwa adabu ninayoionea haya sasa. Nikakata shilingi 500.

Mwezi mmoja baadaye, harusi karibu na Maseno, jambo lile lile: saa mbili za kuchelewa, sentensi ile ile, shilingi 500 nyingine.

Katika siku nyingine zote hakukuwa na tatizo, nami nililichukulia hilo kuwa ushahidi dhidi yake. Sikujua kwamba wateja wengi humpigia yeye moja kwa moja tangu usiku, na kwamba kwa kazi za kila wiki haitazami simu kabisa. Kalenda ilikuwa ikikosea kila siku. Ni watu waliokuwa wakiirekebisha bila kusema.

Kilichopaswa kunizindua mapema ni hesabu ndogo. Mtu anayechanganya saa ya Kiswahili na ya Kiingereza hupotea kwa saa sita, wala si mbili. Saa kumi na mbili ya asubuhi ni 6:00, na anayeisoma kinyume atafika saa sita mchana, na hapo hatuongelei tena kuchelewa bali kukosa maziko. Hakuna njia ya kuchanganya saa hizo mbili ukapata tofauti ya saa mbili. Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani tangu utoto, kama kila mtu aliyekulia hapa, na sikuitumia, kwa sababu mbele yangu palikuwa na kioo kinachong'aa kilichoandikwa 6:00 na pembeni palikuwa na mzee mwenye vumbi.

Neno lililokuwa kando ya Nyamasaria

Dereva alipoondoka Jumatatu ile, nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelipuuza. Jumapili iliyotangulia, saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa saa moja. Nilidhani ni betri ndogo ya ndani imechoka, nikaisogeza mbele kwa mkono, nikaendelea na kazi.

Na nikakumbuka tena: siku nilipoinunua kompyuta hii, ikiwa imeletwa kutoka Uingereza baada ya kutumika huko, saa yake ilikuwa nyuma kwa saa mbili. Hiyo nayo niliisogeza kwa mkono.

Niliitoa kalenda nzima katika faili na kuifungua kama maandishi ya kawaida, jambo ambalo kwa kweli sikuwahi kudhani linawezekana. Muundo huo wa kalenda uliwekwa kuwa kanuni mwaka 1998, na unasomeka kwa macho kama barua iliyoandikwa na mtu mchoyo wa maneno: mwanzo wa tukio, saa, jina, mwisho wa tukio. Nikatafuta Nyamasaria. Nikaiona. Na mistari michache tu kutoka hapo, kando ya saa ya kuanzia, palikuwa na neno London.

London na Nyamasaria, katika agizo moja la viti.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Kalenda hizi haziandiki saa tupu. Huandika saa pamoja na ukanda wake, yaani sehemu ya dunia inayotumia saa hiyo, na kila kifaa kinachosoma hutafsiri kwa ukanda wake chenyewe. Mimi nilikuwa nimerekebisha mishale ya saa bila kuiambia kompyuta kwamba imehama nchi, kwa hiyo kila nilipoandika 6:00, iliandika kwa uaminifu saa kumi na mbili asubuhi ya London. Simu ya dereva, inayojua kwamba iko Kenya, ilifanya hesabu sahihi kabisa. Wakati wa kiangazi chao, London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma, na tofauti inakuwa saa tatu. Sisi hatusogezi kitu. Ndiyo maana viti vya kanisa viliruka kutoka saa tatu hadi saa nne bila mkono wa mtu: palepale Kisumu hapakubadilika chochote, kilichobadilika ni London.

Nimepita mara nyingi kwenye kibao cha ikweta pale Maseno, na watu wengi husimama kupiga picha, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kukifikiria kibao kile kama jambo la saa. Hapa jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na ndiyo sababu babu zetu waliweza kuanza kuihesabu siku asubuhi, wakaita saa moja ile saa ya kwanza ya mwanga, na hesabu hiyo ikadumu. Aliye mbali na ikweta hana anasa hiyo. Nchi nyingine za huko huisogeza saa ili ilifuate jua. Na mimi niliuleta usogezaji huo hadi kwenye mazishi ya Ahero ndani ya kompyuta ya mtumba.

Vyote vikakubaliana

Kuurekebisha ukanda wa saa kulichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Nilichagua Nairobi, saa ya kompyuta ikajipanga, nikafungua kalenda.

Kalenda ya kompyuta sasa ilisema kwamba viti vya kanisa huenda saa nne.

Ilinichukua dakika kadhaa kuelewa nilichokiona. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, kompyuta, simu ya dereva, simu ya shangazi na simu yangu zilikuwa zimekubaliana kabisa, na zote zilikuwa zimekosea. Maagizo ya zamani yalikuwa bado yameandikwa kwa London, na kompyuta iliyojua sasa kwamba iko Kenya ilikuwa ikiyatafsiri vizuri. Kama dereva hangeleta simu yake kwanza, na kama ningeurekebisha ukanda kwa bahati tu, ningevitazama vifaa vinne vinavyosema neno moja, nikaapa kwamba hiyo ndiyo saa tuliyopatana na mteja.

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo wiki zote hizi lilikuwa likinizunguka. Nilikuwa nimezoea kuhesabu vifaa kama mashahidi: kitu kikiwa mahali pengi, nilidhani, kiko salama, na vikikubaliana, ni kweli. Lakini nakala inayotii haiwezi kuwa shahidi. Simu nne zilizosawazishwa ni kinywa kimoja kinachosikika mara nne.

Kitu pekee mezani pale ambacho hakikuwa kimemtii mtu yeyote kilikuwa kaunta buku.

Nilimwomba shangazi anisomee. Akavaa miwani, akasoma agizo moja baada ya jingine, tangu siku ile hadi Desemba, nami nikaandika upya kila moja. Alisoma bila kunikejeli, na hilo liliniuma zaidi. Katikati alisimama mara moja tu kuuliza kama ile mashine haijui kuuliza, kwa sababu yeye mtu akimwambia saa kumi na mbili, humwuliza, ya asubuhi au ya jioni, na wewe uko wapi.

Nilimwambia inajua. Iliniuliza siku ya kwanza niko wapi, nikabonyeza kuendelea.

Namba za wafiwa

Ningependa kusema kwamba hadithi iliishia hapo. Lakini shangazi aliporudisha kalamu kwenye kaunta buku aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Namba za hawa wafiwa ziko kwenye simu ngapi?"

Nikahesabu. Simu nne na kompyuta moja, bila kuhesabu seva. Kijana anayepakia viti, ambaye anahitaji tu kujua kanta inaondoka saa ngapi, alikuwa akitembea na namba za wachungaji, wajane, ndugu zetu wa Vihiga na hata daktari wa shangazi. Hakuna aliyempa. Ziliingia zenyewe siku nilipoweka akaunti, kwa sababu akaunti huja na kila kilicho ndani yake. Na katika simu hiyo hiyo palikuwa na programu ya mikopo. Sote tunakumbuka miaka ambayo mtu angekopa shilingi elfu mbili, na akichelewa, anapigiwa simu shemeji yake. Programu zile zilizipata namba za mashemeji mahali hapa hapa, katika orodha ambayo mwenye simu aliruhusu isomwe kwa kubonyeza ndiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Nilikuwa nimeisikia kama jambo la benki na kampuni kubwa, wala sikuwahi kufikiri kwamba mwenye viti vya kukodisha naye ameshika siri za watu. Lakini namba ya mtu aliyefiwa, ikiwa na tarehe ya mazishi na njia ya kufika kwake, ni nini kama si siri?

Nilipoanza kusoma jinsi mambo haya yalivyokusudiwa kufanya kazi, niligundua kwamba waliotunga kanuni hizi walikwisha kutenganisha vitu nilivyoviunganisha mimi kwa uvivu. Kalenda zina njia yake, iliyochapishwa Machi 2007, mwezi ule ule M-Pesa ilipozinduliwa hapa. Orodha za namba zina njia yake nyingine, iliyokuja mwaka 2011. Hakuna kinachomlazimu mtu kubeba vyote viwili kwa sababu anahitaji kimoja. Mwenye kalenda anaweza kumwonyesha mwingine bila kumpa neno la siri, na anaweza kumruhusu kusoma tu, asiandike wala kufuta.

Kwa hiyo nimeiondoa akaunti ile katika simu ya dereva na ya kijana. Kila mmoja ana akaunti yake, na kalenda ya kazi inawafikia kwa kusoma tu. Hilo la kusoma tu lilinipa shaka, na bado linanipa. Dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kosa, na mimi nikamlipa kwa kumnyima kalamu. Nilimweleza hivyo. Akasema hataki kalamu, anataka anayeishika awe anapokea simu. Namba nazo zimebaki kwa shangazi na kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta sifuti jina bila yeye kukaa kando yangu. Ni kazi ya polepole mno. Jumamosi iliyopita tulimaliza majina kumi na moja, kwa sababu kila jina lina hadithi, na hadithi ya "Usimkopeshe Kondele" peke yake ilichukua chai mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho shangazi alikiagiza na ambacho nilikiona cha kizamani hadi nilipokielewa. Alitaka saa iandikwe kwa maneno katika jina la agizo lenyewe, mbali na saa inayowekwa na kalenda. Kwa hiyo agizo sasa husomeka "Ahero, hema 2, viti 200, saa kumi na mbili asubuhi." Mashine inaweza kuihamisha ile saa ya tarakimu hadi London na kurudi. Maneno haitayagusa. Vikitofautiana, dereva anapiga simu kabla ya kuwasha gari.

Shilingi 1,000 nilimrudishia siku ile ile ya Jumatatu, jioni, kwa mkono wala si kwa simu. Alizihesabu, akaziweka mfukoni, akaniuliza kama Waingereza watasogeza saa tena.

Nikamwambia ndiyo, Jumapili ya mwisho ya Machi, mbele.

Nimeiandika kwenye kalenda, ili siku hiyo nikague kama kuna agizo lililobaki London. Shangazi ameiandika katika kaunta buku.